Muulize Fundi: Pikipiki inayogoma kona

Masika yamekatika na simu ya ofisi imejaa ujumbe wa mambo mawili tu, tairi na shokapu. Kila mwaka ni hivyo hivyo: mvua ikinyesha watu wanaanguka, jua likitoka wanaandika. Nimechagua maswali matano. Yale ya kuongeza spidi nimeyachapisha nikayakunja nikayaweka chini ya mguu wa meza yangu hapa karakana, na meza imetulia.

*

*Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda Lushoto. Nabeba abiria, na siku za soko nashusha kabichi Mombo. Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini 125, ringi za inchi 18. Shokapu za nyuma zilichoka, nikanunua ndefu zaidi ili zihimili mzigo. Za zamani zilikuwa sentimita 33, hizi ni 36. Nikafunga na tairi la nyuma la kashata kubwa. Sasa nikiwa na mzigo, nikishamaliza mlima na kukimbia 60 kwenye tambarare, usukani unatikisika wenyewe. Nikirudi mtupu inarukaruka kama panzi, na kwenye kona za Soni tairi la nyuma linanikimbia. Nifunge shokapu gani?*
*Mtu wa Kabichi, Lushoto*

Marahaba mwanangu. Jibu langu halitakupendeza: usinunue shokapu nyingine ndefu. Zifungue hizo ndefu, rudisha urefu wa zamani, kisha tuzungumze.

Itazame pikipiki yako kwa ubavu. Miguu ya mbele haijasimama wima, imelala kidogo kuelekea kwa dereva. Ukivuta mstari kufuata mlalo wa shingo ya usukani mpaka chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Ule mwanya ndio unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe, kama vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyojigeuza kufuata kitanda kinakosukumwa. Sasa wewe umeinua mkia kwa sentimita 3. Kwa pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana mita moja na robo hivi, umeisimamisha ile miguu kwa karibu digrii moja na nusu, na ule mwanya umepungua kama milimita 8. Kwa macho si kitu. Kwa mikono, huyo ndiye panzi wako.

Ukipakia, ugonjwa unahamia upande wa pili. Keria za huko kwenu nimeziona: zimechomelewa zikatoka nyuma ya tairi karibu futi nzima. Magunia yakikaa kule nje, ekseli ya nyuma inageuka kigingi cha ubao wa watoto wa kubembea. Nyuma kunashuka, mbele kunapaa. Gurudumu la mbele halikanyagi tena, linapapasa. Kitu kidogo tu, rasta au upepo wa basi linalokupita, kinatosha kuuanzisha ule mtikisiko. Kwa hiyo kabla ya spana, sogeza mzigo mbele. Gunia moja likae nyuma ya mgongo wako kabisa, mengine yagawe kushoto na kulia yaning'inie chini, usawa wa ekseli. Kabichi ni zile zile, pikipiki inakuwa nyingine.

Kosa lako nalijua kwa sababu nililifanya mimi kabla yako. Mwaka 1996 nilikuwa na Honda ya 125, nikachomelea vipande vya chuma kurefusha shokapu za nyuma, kisa kuna kijana wa kijiweni alifanya hivyo na pikipiki yake ikaonekana kama ya mashindano. Nikapita Msamvu nimenyoosha shingo. Mzumbe nikapita. Kwenye changarawe ya kupandia Mgeta usukani ukapiga kushoto na kulia mara tatu. Mara ya nne mimi nilikuwa mtaroni na pikipiki iko juu yangu, inaunguruma. Kovu la kiwiko ninalo, na mke wangu akiliona bado anacheka.

Haya, umesharudisha shokapu za sentimita 33, ziwe mpya na nzima. Chini ya springi kuna kola yenye ngazi, mara nyingi tano. Wengi wanaikaza mpaka mwisho siku ya kwanza wanasahau. Wewe pima. Chukua futi ya fundi nguo, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Chora alama ya chaki kwenye bodi juu ya ekseli, pima kutoka katikati ya ekseli mpaka kwenye chaki. Tuseme ni sentimita 40. Shusha stendi, funga mzigo wako wa kawaida, kaa, inua miguu, mwenzio akushikilie usukani. Mwingine apime tena. Akipata 37.5, imezama sentimita 2.5. Shokapu za pikipiki kama yako zina safari ya sentimita 8 hivi, na tunataka mzigo wa kawaida ule robo mpaka theluthi ya hiyo safari. Kwa hiyo 2.5 ni pazuri. Ikizama 4, panda ngazi. Isipozama hata 2, shuka.

Na hapa nisikilize vizuri, maana hata mafundi wanapotea. Kukaza kola hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Kunainua tu mahali inapoanzia kazi. Kama umefika ngazi ya tano na bado inazama kupita theluthi, springi ni nyepesi kwa mzigo wako, na hapo ndipo fedha inapotoka: springi nzito zaidi, urefu ule ule. Ngazi ziwe sawa pande zote mbili. Nimewahi kuletewa pikipiki iko ngazi ya pili kushoto na ya nne kulia, mwenyewe amehangaika miezi mitatu akidhani ringi imepinda. Na siku ukirudi mtupu, shusha ngazi mbili. Spana ya ndoano inafanya kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Ukimaliza nyuma, njoo kwenye koni za usukani, zile beringi za ndani ya shingo yake. Mtu akae nyuma kabisa ili gurudumu la mbele liinuke. Shika miguu ya mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia "koh", koni zimelegea. Kisha zungusha usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukifika katikati ukanasa kidogo, kama droo yenye kokoto ndani, gololi zimeshachimba vishimo kwenye bakuli zake. Hapo kukaza hakusaidii, kutaongeza balaa: usukani utataka kukaa kwenye kile kishimo, nawe utakuwa unasahihisha njia nzima bila kujua kwa nini mabega yanauma. Badilisha seti, na kama zipo za kutoshea pikipiki yako, weka koni za rola badala ya gololi. Rola zinagusa kwa mstari mzima, gololi zinagusa kwa nukta, kwa hiyo rola hazichimbi upesi kama gololi. Kwa mtu wa milimani, hiyo ndiyo fedha ya kwanza ninayopenda kuona ikitoka mfukoni.

Halafu shika tairi la nyuma kwa juu, litikise kwenda pembeni. Likicheza, ni beringi za habu au busha za ule mkono unaoshika gurudumu. Busha ni bei ya sahani mbili za chipsi. Watu wanaziacha mpaka bolti inaliwa.

Limebaki tairi la kashata kubwa. Kwenye tope ni zuri mno. Kwenye lami ya Soni, zile kashata zinapinda kama meno ya kitana, na kinachogusa barabara ni vidonge vichache tu vilivyoachana. Wewe safari yako karibu yote ni lami, una kilomita chache za vumbi kwenda shambani. Tafuta tairi la mchanganyiko, lenye kashata za kukaribiana katikati na mifereji iliyo wazi pembeni. Lile kubwa mwuzie mtu wa Mlalo anayepita tope kila siku, atakushukuru.

*

*Mambo fundi! Niko Mbagala, nina Boxer 150. Tairi la nyuma limeandikwa 3.00-17. Nataka kuweka la 120 liwe nene kama la sports. Jamaa wa dukani anasema linaingia. Litanisaidia kona?*
*Mtoto wa Mbagala*

Poa. Kuingia linaingia. Hata mguu wa namba tisa unaingia kwenye kiatu cha namba saba ukisukumwa na watu wawili.

Ile 3.00 ni inchi, yaani milimita 76 za upana. Unataka kurukia 120. Sasa futa vumbi kwenye ringi yako, karibu na spoku au mkono wa ringi, utaona imechapwa 1.60 au 1.85. Huo ni upana wa ndani kwa inchi, milimita 41 au 47. Tairi la 120 linataka ringi ya inchi 2.5 kwenda juu. Ukilibana kwenye 1.60, midomo yake inakutana kama mtu anayepiga mluzi, mgongo unachongoka, kuta za pembeni zinabaki zinayumba. Ukilaza pikipiki kwenye kona unahisi nyuma inafikiria kwanza. Juu ya hapo cheni itakuwa inalilamba tairi, na injini itabeba uzito wa mpira ambao hukuuhitaji.

Ukitaka kuongeza, ongeza hatua moja: 90/90-17, na iwe tu kama ringi yako ni 1.85 au zaidi. Namba hizo maana yake upana ni milimita 90 na kimo ni asilimia 90 ya upana, yaani 81. Kisha niambie kuhusu tairi lako la mbele, maana katika ujumbe wako mzima hukulitaja. Wanaopenda nyuma nene nikiwakagua huwa mbele wana kipara. Na mbele ndiko uzito wote unakokimbilia ukibana breki.

Angalia pia kama tairi lako la sasa halijawa bapa katikati. Kijana anayekwenda Kilwa Road kila siku, moja kwa moja, analila tairi katikati tu, linabaki na mabega. Ukiinamisha kidogo halifanyi kitu, ukiinamisha zaidi linavuka bega na pikipiki inadondoka ndani ya kona ghafla. Watu wanasema "shokapu mbovu". Ni tairi limechoka umbo, hata kama kashata za pembeni bado zinaonekana mpya.

*

*Habari za kazi fundi. Mimi ni afisa ugani wilaya ya Kilolo. Natumia pikipiki ya njia mbovu, gurudumu la mbele inchi 21. Kwenye tope la udongo mwekundu mbele kunateleza bila taarifa. Fundi wa huku alinijazia upepo 40 mbele na nyuma ili nisipate pancha, na shokapu za mbele zilipovuja akabadilisha sili na kuweka oili ya injini namba 40. Sasa nikitoka kwa wakulima mikono imekufa ganzi. Nina kilo 58.*
*Dada wa Shamba*

Nzuri dada, na pole na njia hizo. Kilo 58 ndiyo sentensi kubwa kuliko zote ulizoandika. Kwa uzito huo, tairi lenye upepo wa 40 ni jiwe. Halikumbatii udongo, linadunda juu yake, na kila kokoto inakuja moja kwa moja kwenye vifundo vya mikono. Kesho asubuhi kabla hujawasha, tairi likiwa baridi, shusha mbele mpaka 22 na nyuma 25. Pima kwa geji yako mwenyewe. Za vituo vya mafuta zimedondoshwa mara nyingi kuliko mimi. Usishuke chini ya 20, maana ukigonga jiwe ringi itabana tyubu na utapata matundu mawili yanayotazamana.

Upepo ukiwa mdogo kuna hatari moja ambayo watu hawaijui: tairi linaweza kusogea juu ya ringi polepole, likavuta tyubu, mwisho wake valvu inang'oka. Kwa hiyo ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye ringi. Ipandishe juu, iguse kifuniko. Kila unapokunywa maji kwa mkulima, tupa jicho: valvu ikisimama wima, salama. Ikiinama, tairi limesogea, toa upepo ulirudishe.

Sasa shokapu. Wiki iliyopita kijana aliniletea pikipiki ya aina yako yenye malalamiko kama yako. Tukafungua bolti za chini, tukaweka bakuli, tukapiga pampu. Mguu wa kushoto ulitoa kitu chenye rangi ya chai ya maziwa iliyolala, maji na oili vimekorogana. Harufu yake, jirani yangu muuza mahindi alihamisha jiko. Kushoto tulipata mililita 90, kulia 140. Miguu miwili ya mtu mmoja, mmoja umeshiba na mwingine una njaa, halafu unashangaa kwa nini anachechemea.

Kazi ya oili mle ndani ni kupita kwenye vitundu vidogo na kuizuia springi isicheze ngoma. Oili ya injini namba 40 ni nzito mno kwa kazi hiyo, hasa kwenye baridi ya asubuhi ya Kilolo. Ukipita shimo moja inajitahidi. Ukipita mashimo kumi yanayofuatana haiwahi kupita kwenye vitundu, mguu unakuwa mti. Unachotaka ni oili ya shokapu namba 10. Ukiikosa huko, usiumize kichwa: oili nyekundu ya gia za otomatiki, ile ATF ya magari, inakaribiana nayo sana kwa wepesi. Vitabu vingi vya Honda vya miaka ya 1970 na 1980 viliiandika yenyewe kwa kazi hiyo, wala si ufundi wa uchochoroni.

Mwambie fundi wako asijaze kwa kukisia, na asijaze kwa kupima ile iliyotoka, maana iliyotoka ni pungufu. Kitabu cha pikipiki kinataja mililita za kila mguu. Mimi napimia chupa ya mtoto ya kunyonyea, ina mistari na ni nafuu. (Si ya mjukuu. Ya mjukuu nilifukuzwa nayo.) Amwage ndani, apandishe na kushusha mguu polepole mara kumi hivi ili hewa itoke, ndipo afunge. Miguu yote miwili sawasawa.

Kuhusu sili, kama zimeanza tena kuvuja baada ya muda mfupi, kosa linaweza kuwa ni la nguzo. Pitisha ukucha kwenye ile nguzo inayong'aa. Ukikwaruzwa na kutu, msasa laini kabisa wenye oili unaweza kuondoa vidogo. Vikiwa vishimo vya kina, hakuna sili itakayoishi hapo, utabadilisha kila baada ya mvua. Na sili mpya ikiingizwa, juu ya nguzo kuna makali yanayoikata mdomo. Avalishe mfuko wa nailoni uliopakwa oili kwenye nguzo, sili ipite juu ya nailoni, kisha auvute mfuko utoke. Kazi ya sekunde tano, na ndiyo inayotenganisha sili ya mwaka na sili ya wiki.

Ukisikia mtu anakushauri uweke vipande vya bomba la maji juu ya springi ili mbele pawe pagumu, mkatalie. Huo ni ujanja halali wa watu wazito na mizigo. Wewe utajinyima safari uliyonayo.

Tairi la mbele: kwenye udongo mwekundu kinachokuangusha ni kashata zilizoshikana. Zinajaa tope mzunguko wa kwanza, kuanzia hapo unaendesha chungu. Chukua 2.75-21 au 3.00-21 yenye kashata zilizoachana. Kuna mshale ubavuni, na kwenye tairi la mbele fundi aufuate. Lami utaisikia ikivuma na kona utazikata kwa adabu zaidi, lakini lami si ndiyo iliyokuleta kwangu.

*

*Assalaam alaykum fundi. Nimenunua tairi mpya za pikipiki, kashata zote zipo, lakini mvua ikinyesha ni sabuni. Nimeanguka mara mbili, moja kwenye michoro ya kivuko cha pundamilia. Muuzaji anasema mimi ndiye sijui kuendesha.*
*Mpita Darajani, Unguja*

Waalaykum salaam. Huenda muuzaji ana robo ya haki: rangi ya pundamilia ikilowa inateleza kwa tairi lolote, ipite ukiwa umenyooka na mkono wa breki umetulia. Na tairi jipya kabisa lina utelezi wa kiwandani juu yake, kilomita 100 au 150 za mwanzo nenda nalo kwa upole. Kama umeshazipita, soma ubavu wa tairi.

Tafuta herufi DOT na mwisho wake namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi linaweza kukaa stoo miaka kumi likiwa na kashata zote na vinyweleo vyote, lakini mpira umekauka. Likunje kidogo kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba kama za kisigino cha kiangazi kwenye mizizi ya kashata, hilo ni jipya kwa risiti tu. Bonyeza na ukucha. Mpira mzuri unakubali kidogo kisha unarudi. Mgumu unakataa kabisa, nao ndio unaosifiwa kwamba "haliishi". Ni kweli haliishi, kwa sababu haligusi barabara.

Karibu na hapo pana namba na herufi, mfano 48P. Namba ni mzigo: 42 ni kilo 150, 48 ni kilo 180, 52 ni kilo 200. P ni kikomo cha spidi, kilomita 150 kwa saa, ambayo wewe na mimi hatuna haja nayo. Anayebeba abiria na begi lake la sokoni aangalie ile namba ya tairi la nyuma kabla ya kuangalia bei. Anayebeba mishikaki, hiyo namba haijaandikwa kwa ajili yake.

Rudi dukani na tairi na risiti, msomee muuzaji tarehe kwa sauti mbele ya wateja. Mimi iliwahi kunifaa.

*

*Fundi, habari ya Morogoro? Niko Voi, naendesha nduthi ya 150. Kuna shokapu za nyuma wanaziita za gesi, zina kichupa pembeni, rangi ya dhahabu. Ni za ukweli ama ni urembo?*
*Nduthi ya Voi*

Morogoro salama, mlima umefunikwa na mawingu kama kawaida yake. Gesi ya kweli ipo: ni naitrojeni inayoigandamiza oili ili isifanye povu shokapu ikifanya kazi mfululizo. Oili yenye povu haizuii kitu. Lakini nimezipasua kwa msumeno pea tatu za hizo za dhahabu, na kwenye pea mbili kile kichupa hakikuwa na tundu la kuunganisha na shokapu. Kilikuwa kipande cha alumini kimeshikwa kwa skrubu, kama kalamu mfukoni kwa asiyejua kusoma.

Kabla hujalipa, omba uisimamishe moja sakafuni, ikandamize kwa uzito wako wote na uiachie. Ikirudi polepole na kusimama, ina kitu ndani. Ikiruka na kucheza mara mbili tatu, ni springi iliyopakwa rangi. Pima pia urefu kutoka tundu la juu mpaka la chini ulinganishe na zako. Yaliyompata Mtu wa Kabichi hapo juu yamekueleza sababu. Na kama unapanda Wundanyi na abiria, hizo za kiwandani zikiwa nzima, na koni zako hazigongi, nunua tairi mbili nzuri badala yake.

*

Mwisho, tangazo. Shokapu mbili za nyuma zimenifikia kwa basi zikiwa ndani ya kiroba cha sukari, bila jina wala namba ya simu, na karatasi imeandikwa "fundi nisaidie". Nimezikagua. Ya kulia ni nzima. Ya kushoto fimbo yake imepinda na oili imekwisha. Mwenyewe apige simu ofisini aseme kiroba kina maandishi ya rangi gani. Nauli ya kuzirudisha ni yako.